Tulioga bahari moja na papa mkubwa kama Coaster

Waambie watu wa Dar es Salaam kwamba unakwenda Mafia kupumzika, watacheka kwanza. Jina lenyewe huwakumbusha majambazi wa kwenye sinema, wale wa suti na kofia. Mwingine atakuuliza eti kwani Zanzibar imejaa? Ukimaliza kwa kusema kwamba unakwenda kuogelea na papa, hapo atanyamaza na kukutazama kama mtu wa kupelekwa kwenye maombi.

Basi sisi tulikwenda, ndugu msomaji, tena tukiwa watano. Alikuwepo mwalimu wa kike kutoka Tanga, dada nesi asiyekosa neno la kusema, rafiki yetu wa benki anayevaa saa hata akilala, Mhaya mmoja mrefu mpole, na mimi mwandishi wako. Ilikuwa likizo ya Desemba. Wanne tulishuka hadi Nyamisati, huko Kibiti, tukapanda chombo cha kuvukia mpaka Kilindoni. Mhaya peke yake alikata tiketi ya ndege. Ni safari ya nusu saa hivi angani kutoka Dar, na tulimsema sana. Tukambandika jina la Bwana Mkubwa. Yeye alitabasamu tu.

Sababu yake tuliijua kesho yake asubuhi, pale ufukweni Kilindoni.

MAJAKETI SABA

Saa moja tulikuwa tumeshakunywa supu ya pweza na chapati. Nahodha wetu alikuwa mzee wa makamo ya baba zetu, mwembamba, miguu imekauka kwa chumvi. "Shikamoo mzee." "Marahaba wanangu, mmelala salama?" Mashua yake ilikuwa ya mbao, ina injini nyuma na tanga limekunjwa pembeni kwa dharura. Baharia wake alikuwa kijana wa miaka kama kumi na tisa hivi, mpiga miluzi hodari.

Wote tukaingia majini mpaka mapajani, tukapanda. Mhaya akabaki nchi kavu akihesabu. Alikuwa anahesabu majaketi ya kujiokolea.

"Mzee, tupo saba. Majaketi naona sita."

"Hilo langu halina haja, mwanangu. Mimi nimezaliwa humu humu."

"Sipandi mpaka la saba lije."

Rafiki wa benki akaanza kulalamika kwamba muda unakwenda. Ndipo Mhaya akatuambia, kwa sauti ya chini tu, kama mtu anayetaja namba ya nyumba. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipopinduka Ziwa Victoria karibu na Mwanza ikiwa imejaza watu kupita kiasi, baba yake alikuwemo. Yeye alikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Mamia ya watu walikufa siku ile, na mzee wao hakurudi. Tangu siku hiyo hajawahi kuweka mguu kwenye chombo chochote cha majini, hata kile cha Kigamboni. Ndiyo maana ya ile ndege.

Pakawa kimya. Dada nesi, ambaye hukosa neno mara moja kwa mwaka, siku hiyo alilikosa. Mwalimu akasema kama ni hivyo tuache, twende tukale madafu. Mhaya akakataa. "Nimekuja kwa miguu yangu. Nataka jaketi tu."

Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Nahodha hakubishana wala hakutoa mawaidha. Alimtuma yule kijana mbio nyumbani, na baada ya dakika ishirini jaketi la saba likaja likinuka samaki. Mhaya akapanda. Alikaa katikati kabisa, ameshika mbao mkono huku na mkono huku.

POTWE NI NANI?

Kwanza nikupe habari za mwenyeji wetu, usije ukadhani tulikuwa tumechoka na maisha. Watu wa Mafia humwita papa potwe. Wavuvi wa Kenya humwita papa shilingi, kwa sababu mgongo wake umejaa madoa meupe kama sarafu zilizomwagwa. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Wapo waliopimwa wakapita mita 12, na wanasayansi husema wanaweza kufika hata 18. Wa Mafia wengi ni vijana bado, tena madume, wana mita sita au saba hivi. Yaani chukua basi la Coaster, ulitupe baharini, ulipe mkia.

Ana vimeno vidogo kwa maelfu, lakini havina kazi ya kutafuna mtu. Chakula chake ni uduvi, dagaa na vijidudu vinavyoelea. Hupanua mdomo mpana kama mlango wa gereji, akameza maji na kuyachuja kwenye matamvua. Ni papa, si nyangumi. Anapumua majini kama changu. Mwaka 1995, jike mmoja aliyevuliwa Taiwan alikutwa na watoto wapatao 300 tumboni. Uzazi wa mpango hajausikia.

Kuanzia Oktoba mpaka Februari hivi, chakula chake hujaa karibu na pwani ya Kilindoni, naye husogea. Zamani ilidhaniwa kwamba msimu ukiisha huhama kwenda mbali. Watafiti waliwafunga baadhi yao vyombo vya kutoa mlio, wakagundua kwamba wengi hawaendi popote. Hushuka tu kwenye maji ya kina na kusogea mbali kidogo, binadamu hawaoni. Ni wakazi wa Mafia hasa, sawa na hao wenye minazi.

PATASHIKA

Tulizunguka saa nzima. Nahodha hakutazama maji, alitazama ndege na wavuvi wa dagaa. Kila walipokusanyika, alipunguza mwendo. Mara yule kijana akaacha mluzi wake. "Yule!"

Mimi niliona kivuli. Kisha kivuli kikawa na madoa. Bwana wee, moyo ulipiga kama ngoma ya mdundiko! Nahodha akazima injini kwa mbali, akatupa masharti: hakuna kumgusa, hakuna kumzibia njia, kaa mita tatu hivi kutoka ubavuni, na mkiani usisogee kabisa maana mkia huo ukikupiga utasimulia wajukuu. Tukavaa miwani, mirija na yale mapezi ya plastiki yanayokufanya utembee kama bata. Tukaruka, wote isipokuwa Mhaya.

Chini ya maji hapakuwa na kelele yoyote. Potwe alikuja akipita chini yangu polepole, akawa anapita, anapita, bado anapita. Niliogelea ubavuni mwake kadiri ya pumzi zangu, yeye akiwa kama hana haraka, mimi nikitweta kama nimekimbia kutoka Ubungo mpaka Posta. Samaki wadogo walikuwa mbele ya mdomo wake kama wapiga debe. Mwalimu alikuwa upande wa pili, nikaona anacheka na mrija mdomoni, jambo ambalo nilidhani haliwezekani.

Mara ikatokea kasheshe. Boti nyingine iliyojaa wageni ilikuja injini ikinguruma, ikakata mbele ya samaki ili watu wake wapate picha. Watu zaidi ya kumi wakarukia juu yake kama maembe yanayopukutishwa. Potwe akainamisha kichwa, akazama. Mwisho wa sinema.

Nahodha wetu alipaza sauti mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Baadaye alituambia kilichomuuma. "Zamani tulikuwa tunamlaani huyu, akiingia kwenye wavu anauchana wote. Leo watoto wangu wanasoma kwa ajili yake. Injini ikimkata mgongo, atakaa tena hapa?" Si maneno ya kijiweni hayo. Tangu mwaka 2016 papa huyu yumo kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka, na kugongwa na vyombo ni mojawapo ya sababu, pamoja na nyavu.

WINGU KUTOKA RUFIJI

Tulikuwa bado tunalalamikia ile boti, wingu jeusi likainuka upande wa bara, kule kwenye delta ya Rufiji. Dakika kumi tu upepo ukageuka, mvua ikaja imelala. Nahodha akavuta kamba ya injini. Kimya. Akavuta tena. Kimya. Petroli imeingia maji.

Chombo kisicho na mwendo hugeuzwa ubavu na mawimbi, na mawimbi yakikupata ubavuni yanamwaga maji ndani bila kukuuliza. Ndivyo ilivyokuwa. Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu. Rafiki wa benki alikuwa anasali, na sala zenyewe zilikuwa za dini mbili. Nilimtazama Mhaya, nikiogopa nitakachokiona.

Mhaya alikuwa ameachia mbao. Alikuwa ameshika dumu la mafuta lililokatwa shingo, ndilo upo wa siku hizi, anakumba maji. Anachota, anamwaga, anachota, anamwaga, hatazami pembeni. Dada nesi akapata ndoo, wakawa wawili. Mwalimu na mimi tukatumia mikono na sufuria ya wali. Wakati huohuo nahodha na kijana walipandisha kipande cha tanga, wakaigeuza mashua mpaka omo ikatazama mawimbi. Na kabla hajashika usukani vizuri, yule mzee aliyezaliwa humu humu alilichukua lile jaketi la saba, akalivaa, akafunga mikanda yote mitatu. Hakuna aliyesema kitu. Mhaya alimwona, akaendelea kukumba maji.

Dhoruba haikuzidi nusu saa. Ilipoondoka iliacha bahari tuli, rangi ya chai ya maziwa. Kijana alifungua injini, akamwaga petroli chafu, akasafisha plagi kwa kanzu yake ya mvua, akavuta kamba. Ikakohoa, ikawaka. Tukapiga makofi kama tuko mpirani.

"Haya wanangu," nahodha akasema, "nyumbani au?"

Wote tukamtazama Mhaya.

"Turudi kwa yule samaki," akasema.

DAKIKA TATU

Tulimpata mwingine karibu na nchi, na safari hii hapakuwa na boti nyingine. Mhaya hajui kuogelea. Nahodha alimfunga jaketi mwenyewe, akampa boya lenye kamba iliyofungwa kwenye mashua, kisha akaingia naye majini. Mhaya alikaa kwenye ukingo muda mrefu, miguu ndani ya maji. Hakuna aliyemhimiza. Kisha akateleza.

Alitumbukiza uso mara moja, akautoa, akahema. Akautumbukiza tena. Potwe akapita chini yao kwa utaratibu wake uleule. Alikaa majini dakika tatu hivi. Tulipomvuta ndani, midomo inatetemeka, dada nesi akamfunga kanga mabegani na kumuuliza ameonaje.

"Ana macho madogo," akasema. Kisha akalia kidogo, akacheka kidogo, akaomba ndizi.

Mchana tulikula wali wa nazi na changu wa kuchoma chini ya minazi, tukala kama waliofungwa. Jioni tukachukua gari mpaka Utende, tukavuka kwenda kisiwa cha Chole kutazama magofu ya majumba ya zamani yaliyokumbatiwa na mizizi ya miti, na popo wakubwa wanaolala kwenye miti mchana na kuondoka kwa makundi jua likizama. Msomaji, popo yule akikunjua mabawa utadhani mwavuli umekimbia mwenyewe. Na Mhaya? Alivuka nasi. Alihesabu majaketi kwanza, lakini alivuka.

KAMA UNATAKA KWENDA

Nenda kati ya Oktoba na Februari, na nenda asubuhi, wakati bahari imetulia. Usikubali boti ya kwanza inayokuita ufukweni. Muulize nahodha anazima injini umbali gani na anaruhusu watu wangapi kuingia majini kwa mara moja; akikuambia "hata mkiwa ishirini poa tu", muage kwa heshima. Beba fulana ya mikono mirefu, maana jua la pale huchuna mgongo. Usipomwona potwe siku ya kwanza usigombane na mtu, yeye si wa bustani ya wanyama. Ukitaka matumbawe, yako upande wa pili, ghuba ya Chole, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1995.

Na la mwisho, ambalo nimelipata kwa Mhaya. Kabla ya kupanda chombo chochote, kiwe cha Mafia, cha Ukerewe au cha Pemba, hesabu watu, kisha hesabu majaketi, na nahodha umhesabu pia. Hesabu zikikataa, kaa mchangani. Watakucheka dakika ishirini, halafu jaketi litaletwa.