Masaji: cheti cha ukutani peke yake hakitoshi!

Leo tuongelee masaji, na kabla hujaanza kucheka, siongelei yale mambo ya gizani. Naongelea kazi halali inayolisha watu.

Kuna dada mtaani kwetu anafanya kazi hiyo saluni. Juzi kaja mteja katoka safari ndefu ya basi, anataka akandwe kigimbi cha kushoto. Kilikuwa kimevimba, kinauma na kina moto, wakati mguu wa kulia uko poa kabisa. Dada akagoma, akamwambia wahi hospitali. Mteja alifoka kweli! Lakini kule wakakuta damu imeganda ndani ya mshipa. Angekandwa, lile bonge lingeweza kung'oka likaenda mpaka kwenye mapafu, na hapo mtu anakufa hivi hivi.

Nikamuuliza, dada ulijuaje? Akasema kozi yake ya kwanza waligusia juu juu tu. Alielewa vizuri kwenye semina aliyojilipia mwenyewe, miaka kadhaa baada ya kupata cheti.

Sasa hapo ndo kwenye ishu. Kazi hii inabadilika, cheki mifano:

1. Wengi walifundishwa kwamba ukimkanda mtu baada ya mazoezi unaondoa asidi ya laktiki kwenye misuli. Mwaka 2010 watafiti wa Queen's University ya Canada walipima wakakuta kinyume chake: ule mgandamizo unabana mishipa, damu inapita kidogo na asidi inachelewa kutoka. Tena asidi hiyo huondoka yenyewe kama saa moja hivi baada ya mazoezi.

2. Wagonjwa wa kansa walikuwa hawaguswi, eti ugonjwa utasambaa. Mwaka 2004 hospitali ya Memorial Sloan-Kettering, New York, ilitoa matokeo ya wagonjwa 1,290 waliopewa masaji: maumivu, wasiwasi na uchovu vilipungua karibu nusu. Ila hiyo ni masaji laini, na anayeifanya kaisomea. Penye uvimbe hapagusi.

3. Ukikandamiza kwa dole gumba kutwa nzima, litakufa kabla hujazeeka. Siku hizi wanafundisha kutumia mkono kuanzia kiwiko na kuegemeza uzito wa mwili. Utadumu kazini.

Ndo maana Marekani bodi ya vyeti ya NCBTMB inataka masaa 24 ya masomo kila miaka miwili, vinginevyo cheti hakihuishwi. Wewe uliyeko saluni usisubiri kulazimishwa. Weka akiba kidogo kidogo, tafuta semina, muulize hata mtaalamu wa viungo wa hospitali. Mteja amekukabidhi mwili wake, siyo nywele tu.

Je, kwenye kazi yako ni kitu gani ulifundishwa halafu ukaja kugundua siyo? Funguka hapo chini. Tuko pamoja!