Kibao Kidogo Mgongoni mwa Gari

Msomaji mpenzi, je, umepata kuona motokaa ndogo yenye kibao kilichosimama juu ya buti lake, kama bawa la ndege lililokatwa? Watoto wakikiona husema, "Hilo gari la mashindano!" Na mtu mzima pengine hujiuliza moyoni: Kibao kile chafanya kazi gani? Hakibebi mzigo, hakizuii mvua, wala mtu hawezi kukikalia. Mafundi hukiita spoila. Leo tuzungumze habari zake, kwa maana huko Ujerumani iko motokaa iliyotengenezwa bila kibao hicho, ikapendwa kwa uzuri wake, kisha ikabidi irudishwe kutiwa kibao baada ya watu kufa.

Upepo hunyanyua

Kwanza yafaa tuelewe jambo moja. Nyumba ya mabati ikipigwa na dhoruba, mara nyingi paa halibonyei chini. Hung'oka likaruka juu. Kwa nini? Upepo ukipanda na kuvuka mgongo wa paa hukimbia kwa kasi, na nguvu ya hewa inayokandamiza paa kutoka juu hupungua. Hewa iliyo ndani ya nyumba, ambayo imetulia, hulisukuma paa kutoka chini. Misumari ikiwa dhaifu, bati huondoka.

Ukitaka kuwaonyesha watoto nyumbani, twaa karatasi nyembamba. Shika ncha yake moja chini kidogo ya midomo, uiache ncha ya pili ining'inie mbele yako. Sasa puliza kwa nguvu juu ya karatasi. Watoto watadhani itazidi kushuka, kumbe itainuka! Pumzi yako imefuata mgongo wa karatasi uliopinda, na nguvu ya hewa juu yake imepungua.

Motokaa nayo ina umbo la namna hiyo: chini imenyooka, juu imebenuka. Hewa hupanda juu ya kioo cha mbele, hupita juu ya paa, kisha hushuka ikiambatana na mgongo wa gari mpaka nyuma. Hapo ndipo inapolinyanyua gari. Mwenye kuendesha haoni kitu, lakini magurudumu ya nyuma yanakuwa mepesi. Nasi twajua kwamba tairi hushika barabara kwa sababu ya uzito unaoikandamiza. Uzito ukipungua, tairi huteleza upesi.

Tena nguvu hii haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ya kunyanyua huwa mara nne. Mwendo ukiwa mara nne, nguvu huwa mara kumi na sita. Kwa hiyo gari lililo tulivu kabisa kwenye kilomita 50 kwa saa laweza kuwa kitu kingine kabisa likifika 200.

Spoila huwekwa ili kupunguza kunyanyuliwa huko. Hewa inayoteremka mgongoni hukuta kizuizi, haiwezi tena kuambatana na mteremko mpaka mwisho. Hulundikana kidogo mbele ya kibao, na nguvu yake juu ya buti huongezeka. Hivyo magurudumu ya nyuma hurudishiwa uzito waliokuwa wamenyang'anywa na upepo.

Motokaa nzuri iliyopungukiwa

Sasa tusikie habari yenyewe. Mwaka 1995, katika maonyesho ya magari ya Frankfurt, kampuni ya Audi ilionyesha motokaa ndogo ya fahari iliyoitwa TT. Umbo lake lilikuwa la mviringo, limelainika kote kama kokoto la mtoni, mbele na nyuma karibu sawa. Watu walioiona waliipenda mno. Mwaka 1998 ikaanza kutengenezwa kwa wingi katika mji wa Győr, nchi ya Hungaria, na umbo lake likaachwa karibu vilevile lilivyokuwa kwenye maonyesho. Mgongo wake ulishuka laini mpaka chini, pasipo kibao chochote cha kuukata upepo.

Kumbuka kwamba Ujerumani ina barabara kubwa ziitwazo Autobahn. Sehemu nyingi za barabara hizo hazina kikomo cha mwendo. Serikali inashauri watu wasipite kilomita 130 kwa saa, lakini ushauri si amri. Wenye motokaa zenye nguvu hukimbia 180, 200, hata zaidi.

Muda si mrefu habari mbaya zikaanza kusikika. Motokaa za TT zilikuwa zikipoteza njia katika mwendo mkali sana, na baadhi ya watu walikufa. Ajali zilikuwa za namna moja: dereva yuko mbio, anahama upesi kutoka njia moja kwenda nyingine, au anaingia kwenye kona na ghafla kuondoa mguu kwenye mafuta. Dereva akiondoa mguu hivyo, uzito wa gari hukimbilia mbele. Sehemu ya nyuma, ambayo tayari imenyanyuliwa na upepo, huzidi kuwa nyepesi. Gari huzunguka kama pia, na dereva wa kawaida hana nafasi ya kuliokoa.

Mtu aweza kusema, "Waliokufa walikimbia mno." Ni kweli, walikimbia. Lakini gari liliuzwa kwa watu ambao sheria ya nchi yao iliwaruhusu kukimbia, nalo lilikuwa na nguvu ya kufika mwendo huo. Anayeuza panga lenye mpini uliolegea hawezi kumlaumu mkulima peke yake.

Mwishoni mwa 1999 na mwanzoni mwa 2000 kampuni iliamua kuyaita magari yaliyokwisha kuuzwa yarudi gereji. Sehemu za chini zinazoshika magurudumu zikabadilishwa ili gari litulie zaidi. Na juu ya buti likafungwa bawa dogo, jembamba, la chini. Magari mapya yakatoka kiwandani yakiwa na bawa hilo, na tena yakiwa na mtambo uitwao ESP, ambao hutambua gari linapoanza kuteleza na kufunga breki ya gurudumu moja moja ili kulirudisha njiani.

Wapenzi wengine wa motokaa ile walisikitika. Walisema kibao kimeharibu umbo zuri. Ndugu msomaji, yafaa tupatazame hapo. Uzuri uliolalamikiwa ndio uliokuwa umeruhusu upepo kuteleza mgongoni bila kizuizi. Kibao kidogo kisichopendeza kililirudishia gari kitu ambacho uzuri ulikuwa umeliondolea.

Elimu ilikuwapo

Jambo la kuhuzunisha ni kwamba elimu hii haikuwa ngeni. Miaka 26 kabla TT haijaanza kuuzwa, yaani mwaka 1972, kampuni nyingine ya Ujerumani, Porsche, ilitoa gari lililoitwa 911 Carrera RS 2.7. Nyuma yake, juu ya kifuniko cha injini, liliinuliwa kidogo kama mkia wa bata, na watu wakaliita kwa jina hilo hilo.  Mafundi walikuwa wamepima, wakajua kwamba mkia ule ulipunguza kunyanyuliwa kwa sehemu ya nyuma. Ujuzi ukiwapo kwa jirani, si aibu kumwendea na kujifunza. Aibu ni kungojea mpaka watu waumie.

Kibao kibaya ni hatari kuliko kukosa kibao

Hapo usidhani kwamba kila kibao huokoa. Tarehe 4 Mei 1969 yalifanyika mashindano makubwa ya magari katika kilima cha Montjuïc, mjini Barcelona, Hispania. Magari ya siku zile yalikuwa na mabawa mapana yaliyoinuliwa juu ya vijiti virefu vyembamba. Bawa la gari la Graham Hill, Mwingereza, lilivunjika akiwa mbioni, akagonga ukuta, akatoka salama. Baada ya muda mfupi, bawa la mwenzake Jochen Rindt likavunjika karibu na mahali pale pale. Gari lake likaliparamia gari la Hill lililokuwa limesimama, naye akaumia usoni. Mwezi ule ule, huko Monaco, wakuu wa mashindano wakayapiga marufuku mabawa marefu ya namna ile.

Ndiyo kusema, kitu kinachoshindana na upepo lazima kifungwe kwa nguvu. Siku hizi maduka mengi duniani huuza spoila ambazo hazikutengenezwa na kiwanda cha gari lenyewe, na mwenye gari huzifunga mwenyewe au kwa fundi wake. Nyingine hubandikwa kwa gundi tu. Fundi mwaminifu hufanya hivi: hupima mara mbili kabla ya kutoboa, ili kibao kisikae upande. Akiisha kutoboa buti, hupaka rangi kwenye matundu ili kutu isiingie, na huweka mpira ili maji yasipite. Chini ya bati huweka kipande kipana cha chuma kabla ya kukaza nati, kwa sababu bati jembamba peke yake huchanika. Kisha huangalia kama kibao hakifichi taa ya breki, na kama dereva bado anaona nyuma. Baada ya siku kadhaa hurudi kukagua kama nati hazikulegea.

Hata hivyo kazi haijaisha. Ukiikandamiza nyuma kupita kiasi, sehemu ya mbele inakuwa nyepesi, na gari linakataa kukata kona. Kwa ajili hiyo huko Ujerumani hairuhusiwi kufunga spoila yoyote ile kwa kupenda tu. Iwe na hati ya kwamba imepimwa na kukubaliwa kwa gari lile, au gari lipelekwe kwa wakaguzi. Bila hivyo kibali cha gari kutembea barabarani chaweza kufutika.

Nasi tujifunze nini?

Pengine utasema, "Mimi nina baiskeli, habari hizi zanihusu nini?" Zakuhusu, ndugu. Kijana wako akienda mjini na kuweka akiba ya mshahara wake, huenda siku moja akanunua motokaa kuukuu, na kitu cha kwanza atakachotamani ni kibao cha nyuma. Mweleze hivi: Mwanangu, kwa mwendo wa kilomita 50, ambao ndio mwisho wa ruhusa unapopita kwenye makazi ya watu hapa Tanzania, nguvu ya kibao hicho ni sehemu moja tu ya kumi na sita ya ile ya mwendo wa 200. Hapo ni pambo. Fedha hiyo nunua tairi nzuri na urekebishe breki, maana hizo hukuokoa kwa kila mwendo.

Na sisi wengine, wajenzi na maseremala, mafundi wa baiskeli na wa mitambo ya kusaga, tukumbuke motokaa ile ya TT. Kazi yako ikisifiwa kwa uzuri, uliza tena kama ni imara. Na ukigundua kwamba umeacha kasoro katika kazi uliyokwisha kulipwa, usijifiche. Mwite mwenye mali airudishe uitengeneze, hata kama kiraka kitaonekana. Kiraka kinachoonekana ni afadhali kuliko kaburi.