Gari Lako Linakunywa Maji? Tafuta Linapovuja Kabla Injini Haijafa

Gari kuukuu la bei poa ndilo mkombozi wa Waswahili wengi hapa Uingereza. Lakini gari hilo hilo linaweza kukuacha pembeni ya M6 saa tisa za usiku ukitoka zamu, injini ikiwa imekufa kwa sababu ya mpira wa rejeta uliotoboka.

Dalili ya kwanza wengi wetu huiona na kuipuuza. Maji ya rejeta yanapungua, tunaongeza. Wiki inayofuata yamepungua tena, tunaongeza tena. Mwishowe dumu la maji linahamia kwenye buti na linakuwa sehemu ya gari.

Ukweli ni kwamba maji ya rejeta huzunguka kwenye mfumo uliofungwa. Gari zima halina haja ya kuongezewa maji kila wiki. Yakipungua, kuna mahali yanatokea: nje ya injini, ndani ya gari au ndani ya injini yenyewe. Kazi yako ni kujua ni wapi kati ya hapo patatu.

Usijipe moyo pia kwa sababu gari lilipita MOT mwezi uliopita. Ukaguzi wa MOT hauhusu hali ya injini, klachi wala giaboksi.

Kwa nini ni hatari

Injini nyingi hufanya kazi kwenye joto la karibu nyuzi 90 za Selsiasi. Kifuniko cha rejeta hushikilia presha, na presha hiyo, pamoja na kulanti, hufanya maji yasichemke hata joto likipita nyuzi 120.

Panapovuja, presha inakimbia na maji yanachemka mapema. Mvuke hauwezi kupooza injini kama maji. Silinda hedi ya aluminiamu inapinda, gasketi inaungua, na gharama ya matengenezo inaweza kuzidi bei ya gari lenyewe.

Usitegemee sana mshale wa joto. Maji yakiisha kabisa, kipimo hubaki hewani na mshale unaweza kukudanganya. Dalili nyingine ni hita: ikianza kupuliza baridi ghafla wakati injini ina moto, simama uangalie maji.

Anza asubuhi, injini ikiwa baridi

Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yaliyobanwa na presha huruka na kuunguza uso na mikono kabla hujarudi nyuma.

Laza boksi lililokunjuliwa chini ya injini usiku kucha. Asubuhi angalia alama. Maji meupe yasiyo na harufu, hasa siku za joto, mara nyingi ni ya kiyoyozi na hayana shida. Kulanti ina rangi, huteleza vidoleni na hunukia utamu.

Usiionje! Kulanti nyingi zina ethylene glycol, ambayo ni sumu inayoua figo. Utamu wake huwavutia watoto, paka na mbwa, hivyo futa iliyomwagika na usiache dumu wazi.

Kisha fungua boneti na umulike kwa tochi. Tafuta ukoko mkavu mweupe, wa kijani au wa pinki. Hapo ndipo panapovuja. Anza na vitu vya bei nafuu:

- Kifuniko cha rejeta: mpira wake ukikauka, presha haikai.
- Mipira na klipu zake: bonyeza mpira ukiwa baridi. Uliolainika kupita kiasi, uliovimba au wenye nyufa ubadilishwe.
- Rejeta: nyingi zina matangi ya plastiki pembeni, na plastiki ikizeeka hupasuka pale inapoungana na aluminiamu.
- Pampu ya maji: ina tundu dogo chini yake. Likianza kutoa maji, sili imekwisha.
- Hita: kapeti la mbele likilowa, vioo vikafanya ukungu na gari likanukia utamu, yanavuja ndani ya gari.

Kama huoni kitu

Gereji zina pampu ya mkono inayofungwa mahali pa kifuniko cha rejeta. Marekani, baadhi ya maduka makubwa ya spea huazimisha kifaa hiki kwa dhamana. Injini ikiwa baridi, pampu mpaka presha iliyoandikwa kwenye kifuniko, usizidishe, halafu subiri robo saa. Geji ikishuka, maji yanatoka mahali.

Ikishuka bila tone kuonekana nje wala kwenye kapeti, shuku gasketi ya silinda hedi. Dalili zake ni moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, oili iliyogeuka kama chai ya maziwa, au mapovu yasiyokoma kwenye rejeta. Mafundi wana dawa ya buluu ya kupima hewa ya rejeta. Ikigeuka njano, moshi wa injini unaingia kwenye maji.

Kutengeneza

Klipu, kifuniko na mpira unaweza kubadilisha mwenyewe nyumbani. Pampu ya maji ni bora umpe fundi. Kwenye magari mengi inazungushwa na mkanda wa taimingi, kwa hiyo badilisha vyote pamoja usije ukalipia kazi ileile mara mbili.

Dawa za kumimina ili kuziba tundu zinaweza kukufikisha nyumbani, lakini zinaweza pia kuziba hita na rejeta. Usizifanye tiba.

Kwetu pwani watu wamezoea kujaza maji ya bomba, na gari linakwenda. Huku baridi haina huruma. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na yanaweza kupasua injini. Mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji yaliyotoneshwa hustahimili mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Walioko Muscat na Dubai nao wanaihitaji, kwa kuwa huzuia kutu na huchelewesha maji kuchemka.

Usichague kulanti kwa rangi. Soma kitabu cha gari, na soma dumu kama imeshachanganywa tayari. Ukishajaza, toa hewa iliyonaswa, endesha kidogo, kisha pima tena kesho yake injini ikiwa baridi.

Gari likichemka njiani, zima kiyoyozi, fungulia hita mpaka mwisho, toka barabarani na uzime injini. Ngoja ipoe kabisa. Ukiwa motawei, shuka na usimame nyuma ya kizuizi cha chuma.

Na ukienda gereji, usikubali kuuziwa rejeta mpya kwa kubahatisha. Mwambie fundi akuonyeshe kwa macho yako panapovuja, ndipo utoe pesa.