Treni za Mezani: Kweli au Si Kweli?

Mwambie mtu kwamba kuna klabu za watu wazima wanaokutana kila wiki kuendesha treni zenye upana wa vidole viwili, uone atakavyocheka. Mengi yanasemwa juu ya watu hawa. Tuyapime.

"Ni midoli ya watoto."

Si kweli. The Model Railway Club ya London ilianzishwa mwaka 1910, wakati reli ya kati ya Wajerumani ilikuwa bado haijafika Kigoma. Mdoli na treni ya mfano hutenganishwa na vipimo. Kipimo kinachopendwa zaidi duniani huitwa HO, yaani 1 kwa 87. Chukua reli ya SGR, iwe ya Mombasa hadi Nairobi au ya Dar es Salaam hadi Dodoma: upana wake ni milimita 1,435. Gawanya kwa 87 upate 16.5, na huo ndio upana wa reli ya HO inayouzwa madukani. Abiria mzima hubaki na kimo cha sentimita 2. Ukikosea dirisha kwa milimita moja tu, kwenye behewa la kweli ungekuwa umekosea karibu sentimita tisa, na wenzako klabuni watakuonyesha kosa hilo kabla hujaliweka behewa relini.

"Treni inazunguka tu, basi."

Si kweli, ingawa treni ya sebuleni kwa watu wengi hufanya hivyo hivyo. Klabu ni habari nyingine. Huko San Diego, Marekani, ndani ya bustani kubwa ya Balboa, kuna makumbusho ya reli za mfano yanayotegemea klabu za wenyeji. Moja yao, La Mesa Model Railroad Club, imeunda njia ya mlima Tehachapi, ambako mwaka 1876 reli ilipitishwa kwa kuizungusha ili ipande, hadi treni ndefu hupita juu ya mkia wake yenyewe. Mzunguko huo una urefu wa mita 1,150 hivi. Kuuiga kwa HO bila kuupunguza kunadai mita 13 za reli, na hapo hujafika hata stesheni inayofuata.

Wanachama huiendesha njia hiyo kama ilivyoendeshwa miaka ya 1950, kwa ratiba na amri za maandishi. Kwa utaratibu huo, mwongozaji wa treni hazioni treni zake. Anayo ratiba na daftari, na habari humjia kwa sauti ya karani wa stesheni. Amri ikitoka, karani anaiandika, anaisoma kwa sauti ili ihakikiwe, kisha inamfikia dereva: ingia njia ya pembeni, subiri ya abiria ipite. Dereva akisoma namba vibaya, treni mbili zitakutana uso kwa uso kwenye reli moja. Hakuna atakayeumia, lakini aibu yake atakaa nayo wiki nzima. Nani bado anasema wanacheza?

"Ni burudani ya mpweke aliyejifungia chumbani."

Si kweli, na ushahidi wangu ni klabu ya wanafunzi wa chuo cha MIT huko Marekani, Tech Model Railroad Club, ya mwaka 1946. Ndani yake kulikuwa na makundi mawili. La kwanza lilipaka rangi mabehewa na kujenga milima. La pili liliinama chini ya meza, kwenye nyaya na swichi za umeme zilizotokana na mitambo ya simu, likitafuta namna ya kumwezesha kila dereva kuimiliki treni yake bila kuingilia ya jirani. Vijana wa chini ya meza ndio waliovutwa na kompyuta za chuo mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1962 Steve Russell na wenzake wakakamilisha Spacewar!, mmoja wa michezo ya kwanza kabisa ya kompyuta, na vifaa vya kuuchezea vikaundwa kwa vipuri vilivyookotwa kwenye chumba cha klabu ya treni. Mwenye kushangaa michezo ya video ilitoka wapi, atazame pia chini ya meza ile.

"Lazima uwe tajiri."

Nusu kweli. Kichwa cha treni chenye sauti na chipu yake si bei ya karanga. Lakini milima ni plasta na magazeti, miti ni vijiti na unga wa mbao uliotiwa rangi, na nyumba ni kadibodi. Faida kubwa ya klabu ni hii: aliye na kichwa kimoja tu huja kukiendesha kwenye njia ambayo isingeingia nyumbani kwake hata angeuza kitanda.

"Jamii haifaidiki chochote."

Si kweli. Njia hizi hufunguliwa kwa umma, na mtoto anayekuja kutazama huondoka ameona umeme, useremala, jiografia na historia ya mji wake vikifanya kazi pamoja.

"Ni mambo ya Wazungu, hayatuhusu."

Hili linaniudhi kidogo. Baadhi ya injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote zilizowahi kupita kwenye reli ya upana wa mita moja zilikuwa zetu: aina ya 59 za East African Railways, 34 kwa idadi, zilizoundwa Manchester na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mojawapo, Mount Gelai, ipo kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Mita moja ukiigawa kwa 87 unapata milimita 11.5, na reli ya mfano ya milimita 12 inapatikana sokoni. Walimu wa ufundi na fizikia wa Nairobi, Tabora na Mombasa, chukueni futi na daftari, wapelekeni wanafunzi wakapime stesheni ya mjini kwao, kisha waanze kukata kadibodi.