Harufu inayoamsha siku za utoto

Ndugu mfanyakazi, unapita karibu na mtu anayechoma mahindi, na mara moja unamwona nkambo wako amekaa penye moto kijijini. Usishangae, si ulozi. Harufu ikiingia puani inafika upesi katika sehemu za ubongo zinazotunza kumbukumbu, furaha na huzuni. Ndiyo maana inaamsha mambo ya zamani bila wewe kuyatafuta.

Nyumbani, wasimulie watoto wako mambo hayo. Lakini kazini ujihadhari: macho yanatazama mashini, mawazo yako kijijini. Ikikujia hivyo, ondoa mikono kwanza, angalia pande zote, kisha endelea. Kumbukumbu itangoja mpaka saa ya kutoka kazini. Mashini haingoji, na kidole kikikatika hakioti tena.