Poka ya Intaneti: Daftari Ilikamata Mwizi

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama zetu munaobakia nyumbani, tunaona vijana wanacheza poka ndani ya simu mpaka usiku. Pale hawaone uso ya mwenzao. Kuko jina na ile anafanya, basi. Kwa hiyo wenye akili wanaandika: huyu anaingia karibu kila mchezo, yule anapandisha dau tu kama iko na karata za nguvu, mwingine anaogopa wakati imebakia kidogo wafike kwa nafasi za kulipwa. Huyo mwoga anasukumwa: anatupa hata karata nzuri. Lakini michezo miwili mitatu haitoshi kumujua mtu.

Mwaka 2007, kwa Absolute Poker, mwenye kujiita Potripper alishinda turnuva ya kuingia kwa dola 1,000. Alicheza sawa vile anaona karata za wengine. Aliyekuwa wa pili akaomba historia ya michezo. Kampuni ikamutumia faili yenye karata za wote. Wachezaji wakaifuata mustari kwa mustari. Kweli aliziona! Ilikuwa kazi ya ndani. Mwezi wa kwanza 2008, Tume ya Kahnawake, kule Kanada, ikatoza kampuni faini ya dola 500,000. Kwetu sisi ni kidogo.

Sisi wa sendika tunajua hii mambo. Kwa depo, mnunuzi ndiye anasoma mizani, mchimbaji anaona tu franka. Kikundi chenye kuandika kilo na tarehe kinajua siku gani kiliibiwa. Mwenye kucheza poka aandike pia pesa zenye kutoka mfukoni, na mama watoto aione hiyo karatasi mbele ya siku ya mshahara.