Gari Likisema na Gari, Nani Anasikiliza?

Madereva wa malori ya Kisenyi, hapa chini ya kilima cha Mengo, wanauliza habari ya magari yanayosemezana kwa redio. Jambo lenyewe ni hili. Gari hutangaza mahali lilipo, mwendo wake na kama linafunga breki, mara 10 hivi kwa sekunde, ili gari la nyuma lijihadhari hata kabla dereva wake hajaona.

Lakini hewani hakuna mlango. Mhuni mwenye chombo chake kando ya barabara aweza kutangaza breki za gari ambalo halipo. Kwa hiyo kila habari hupigwa muhuri wa siri. Isiyo na muhuri unaokubalika hutupwa. Muhuri nao hubadilishwa mara kwa mara, mtu asije akaufuata mpaka akajua dereva amelala wapi.

Hatari si hadithi. Mwaka 2015 huko Marekani wataalamu wawili waliingia katika Jeep kwa mtandao wa simu, wakaliondolea nguvu likiwa barabarani. Kampuni ikaita magari milioni 1.4 yarekebishwe.

Kwetu Uganda, Novemba 2023 magari ya serikali yalianza kufungwa namba za kidijitali zinazoonyesha gari lilipo. Hizo hazisemi na gari jingine, lakini swali la mfanyakazi ni lile lile: nani anashika daftari la safari zake? Dereva akishitakiwa kwa maneno ya chombo, asitie sahihi karatasi yoyote. Kwanza aite mjumbe wa chama, wadai kuonyeshwa daftari hilo, na majina ya wote wanaoweza kuliandika.